Velia Marcovecchio na Sauti za Mapangoni

"Shoga, hebu niambie, hicho chuo kikuu kimewahi kutupikia nini sisi?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Gerarda, wasikilizaji wapendwa, siku moja zamani tukianika mashuka kwenye kamba yetu, ile inayotoka dirishani kwangu mpaka dirishani kwake. Alikuwa ametoka shambani amekasirika. Alimkuta kijana wa chuo amelala kifudifudi kati ya maharage yake, ana daftari, anahesabu mijusi.

"Mijusi!" Gerarda akasema. "Marehemu mume wangu alilala kifudifudi hivyohivyo miaka thelathini, na hakuna aliyempa shahada."

Nilicheka mpaka nikaangusha vibanio. Lakini jibu sikuwa nalo. Leo ninalo, na jibu hilo lina jina. Jina lake ni Velia Marcovecchio.

Velia amefariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, hapahapa Montesorbo, mtaa wa Masista. Alikuwa na miaka themanini na mitatu. Narudia kwa wale mliochelewa kuwasha redio: Velia Marcovecchio, aliyekuwa mnasa sauti wa chuo kikuu chetu, amefariki Jumanne. Tulimzika jana. Na ile kengele mliyoisikia jana saa nne ikilia polepole inatoka katika mnara uleule ambao miaka kumi na nane iliyopita uliandikiwa kubomolewa.

Haukubomolewa. Tulishusha pumzi siku ile. Mimi, kwa kweli, kila kengele ikilia nashusha pumzi tena. Ninayotaka kuwasimulia leo ni jinsi mnara huo ulivyobaki umesimama, na yale ambayo Velia alikuwa tayari kuyapoteza.

Nianze mwanzo.

Velia alizaliwa hapa, binti wa fundi mawe. Alisoma mpaka darasa la tano kama mimi. Tulikaa dawati moja, na alikuwa ananiazima kifutio chake kwa masharti. Alipotimiza miaka kumi na tisa alipata kazi ya kudeki katika ile nyumba ya zamani ya masista, chuo kilipoichukua na kuifanya tawi lake la mlimani. Ngazi sitini na nne za mawe. Alizideki kila asubuhi, kutoka juu kushuka chini, na akifika chini wanafunzi walikuwa wameshazichafua juu.

Mnakumbuka wenyewe mambo ya nyumba ile. Chumba kimoja walikuwa wanachunguza ugonjwa wa miti ya chesnuti. Chumba cha pili, maziwa ya kondoo. Chumba cha tatu kulikuwa na mabinti wawili wenye brashi laini, wanasafisha vitabu vya kale vya parokia ukurasa mmoja kwa wiki nzima. Uani wanafunzi walifanya michezo ya kuigiza wakati wa kiangazi, na sisi tulibeba viti vyetu kutoka nyumbani. Na mwisho wa korido, karibu na choo, kulikuwa na chumba cha lahaja. Humo profesa mmoja wa makamo alikuwa anakusanya maneno yetu ya zamani na nyimbo zetu.

Profesa huyo alikuwa mtu mzuri lakini alikuwa na tatizo. Akiingia jikoni kwa mtu na kile kinasa sauti chake, watu walinyamaza. Au walianza kusema Kiitaliano cha shuleni, kama wako mbele ya hakimu. Siku moja alimsikia Velia anadeki huku anataniana na muuza mkaa dirishani, kwa kilugha chetu, matusi matamu yale ya nyumbani. Profesa akatoka, akamnyang'anya fagio, akampa kinasa sauti.

"Nikifanye nini?" Velia akauliza.

"Hivyohivyo unavyofanya," profesa akasema. "Ila ubonyeze hapa kwanza."

Velia aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na zaidi. Alinasa nyimbo za kukamua, nyimbo za maiti, namna ya kuita nguruwe na namna ya kumkataa mchumba. Na alinasa mikono.

Hapa niseme polepole, maana wajukuu zetu hawayajui haya. Mji wetu umekaa juu ya jiwe laini. Kila nyumba ina pango lake la mvinyo, limechimbwa kwa mkono tangu enzi za mababu. Na desturi ilikuwa hivi. Mtoto wa kiume akibatizwa, baba yake alishuka pangoni na sururu, akaongeza urefu wa mkono mmoja, pawe na nafasi ya pipa litakalonywewa siku ya harusi ya mtoto huyo. Kisha kwenye chakula cha ubatizo alisimama juu ya kiti, na kikombe mkononi, akatangaza kwa kuimba pango la ukoo wake limefikia mikono mingapi, na linaelekea wapi.

Na lilielekea wapi? Kanisani. Aliyekuwa na uwezo alichimba kuelekea kanisani, kwa sababu tuliamini mvinyo ukilala miguuni pa Mtakatifu Emidio haugeuki siki. Emidio ndiye anayetulinda na matetemeko. Wacha Mungu ndio waliochimba zaidi. Mtakatifu atusamehe, hatukuwa tunafikiri. Kila ukoo ulijua wa kwake tu, na mwisho wa pango uliufunika kwa mapipa ili jirani asiuone. Mikono ilitangazwa kwa ndugu na wasimamizi wa ubatizo, milango imefungwa.

Velia aliingia kwenye milango hiyo. Ornella, binti yake, anasema: "Mama alikuwa anawauliza, 'Na sisi wasichana je?' Nao wanamjibu, 'Nyie tunawachimbia shimo la viazi.' Mama anacheka nao, huku mkanda unazunguka."

Ila kabla ya kubonyeza alimwambia kila mtu maneno yaleyale. Mimi mwenyewe nilimsikia akiyasema mezani kwangu. "Sauti yako ni yako. Ukiwa hai, haisikii mtu bila wewe kusema ndiyo. Ukifa, nitamwuliza wa nyumbani kwako." Hakuandika mahali. Alisema tu, na tukamwamini.

Sasa njooni kwenye mwaka wa mtikisiko. Ulikuwa mdogo, mwezi wa kumi. Sahani zilicheza kabatini, basi. Lakini kesho yake mnara wa kengele ulikuwa na ufa kwenye kona ya kaskazini, na hata ngumi ya mtu mzima iliingia. Wakaguzi wakaja na kofia zao. Wakafunga kanisa. Wakatuambia: mnara unakaa juu ya uwazi, hatujui ukubwa wake, kwa hiyo baada ya Pasaka utashushwa, usije ukaangukia watu. Na ukishushwa mnara, paa la kanisa haliwezi kubaki.

Majira ya baridi yote tulisali kwenye ukumbi wa michezo wa shule, chini ya ile pete ya mpira wa kikapu. Padri alisimamisha sakramenti juu ya meza ya pingpong. Niliwaona wazee wanaume wanatoka misani wanafuta macho na kujidai ni mafua.

Chuo ndicho kilichosema subirini. Walimleta Profesa Landolfi, mtaalamu wa miamba, mwanamke mrefu wa buti chafu. Alipanga vyuma vidogo ardhini kuzunguka kanisa, kisha wanafunzi wake wakapiga ardhi kwa nyundo, pu, pu, siku nzima, vyuma vikisikiliza.

Basi akatokea Achille Di Rienzo. Wengi mnamkumbuka, mkuu wa chama cha Mtakatifu Emidio, ndiye aliyetangulia mbele ya sanamu kila mwezi wa nane. Alisimama uwanjani akapiga kelele: "Hizo nyundo ndizo zinazotubomolea! Mlima ulikuwa umelala, nyie mnauamsha!"

"Baba, ufa ulikuwepo kabla sijafika," Profesa Landolfi akamwambia.

"Na mijusi ilikuwepo kabla hamjaihesabu! Imeongezeka?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, sitawaficha.

Vyuma vilionyesha kuna mapango chini ya kanisa. Havikuonyesha yanaishia wapi, wala ni ya nani. Maji na makaburi ya zamani vilivichanganya. Profesa Landolfi akasema: nikijua kila pango linafika wapi, tutaingia humohumo, tutalijaza mawe na chokaa, na mnara utasimama. Nisipojua, wakaguzi hawatanipa ruhusa hata ya kupeleka ndoo moja.

Akaenda nyumba kwa nyumba kuomba aonyeshwe. Sote tulimpa kahawa. Sote tulimwonyesha mapipa. Hakuna aliyesogeza pipa. Nani aseme mbele ya mji kwamba ni babu yake aliyemchimbia Mtakatifu miguuni?

Hapo mtu mmoja pale chuoni akakumbuka mikanda ya Velia. Ilikuwa mia mbili na kumi na mbili kabatini, na mingi ina ubatizo. Profesa Landolfi alimfuata mbio kwenye chumba cha lahaja. Velia alikuwa amebakiza miezi mitatu kustaafu.

"Bi Velia, majibu yote yamo humu!"

"Yamo," Velia akasema.

"Basi tufungulie."

"Hapana. Si yangu."

Ornella anasema siku hiyo walizozana mpaka mlinzi akaja. Walimwambia anachagua kabati badala ya kanisa. Velia alirudi nyumbani, akasali, na asubuhi akamwambia binti yake: "Washa gari. Na kinasa sauti kifunge mkanda wa kiti, kisianguke."

Alikuwa amechagua mikanda ya koo kumi na saba, zile zilizochimba kuelekea kanisani. Alikwenda kwenye kila nyumba. Alimsikilizisha kila mmoja sauti ya kwake tu, jikoni, mlango umefungwa. Kisha akamwambia: "Nimekurudishia. Ukisema ndiyo, nampa Profesa. Ukisema hapana, nabaki nayo. Ukisema futa, nafuta hapahapa."

Mimi ni mmoja wa wale kumi na saba. Mume wangu Donato alikuwa na miaka kumi na mmoja kaburini. Velia aliweka kile kidude kando ya birika, akabonyeza. Nikasikia uma zinagonga sahani. Nikasikia kiti kinaburutwa. Kisha Donato, kijana, amelewa kidogo: mikono tisa, na jiwe bado linanipenda!

Nikamwomba aurudie. Akaurudia. Nikamwambia, mpe Profesa.

Hata Gerarda alisema ndiyo, japo baada ya kugomba. "Miaka yote hii ulikuwa unajua, Velia, na unaniacha nahangaika na mapipa mazito kuyaficha?" Nyumba kumi na sita zilisema ndiyo. Profesa Landolfi alichora mapango kumi na sita kwenye karatasi kubwa. Yalifanana na vidole vinavyonyooshwa kwenye sahani moja. Ila chini ya ile kona ya ufa palibaki peupe. Kulikuwa na la kumi na saba, na hilo ni la Achille.

Yaliyotokea kwa Achille amenisimulia Ornella, ambaye alikuwa amesimama mlangoni.

Velia alibonyeza. Achille wa mwaka sabini na saba akaimba, ubatizo wa mwanawe wa kwanza. Achille mzee alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza. Kisha akasema: "Futa."

"Achille, fikiri."

"Ulisema utafuta. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Basi futa, Velia. Mimi natangulia mbele ya sanamu mwaka wa thelathini. Sitakuwa yule aliyemtoboa."

Ornella anasema: "Mama alinitazama. Nikatikisa kichwa, Mama usifanye. Akaurudisha mkanda nyuma, akabonyeza vitufe viwili pamoja. Tukasikia ule mvumo mtupu, dakika nne nzima. Kisha akamwambia, 'Tayari,' na tukaondoka."

Profesa Landolfi alikuwa anasubiri chini ya ngazi. Alipoelewa, alikaa chini kwenye jiwe.

"Lakini wewe umesikia, Bi Velia. Niambie namba tu. Namba tu na upande."

"Niliyoyasikia nimeyafuta."

"Mnara utaanguka!"

"Najua."

Alijua, wasikilizaji wapendwa. Alibatizwa pale, aliolewa pale, mama yake aliagwa pale. Alikuwa na ile namba kichwani, na angeisema kwa pumzi moja. Ornella alimkuta jioni ile jikoni anamenya viazi, kilemba na koti hajavua, machozi yanaingia kwenye maji ya viazi. Akasema, "Nikiisema, mwanangu, wale kumi na sita walinipa sauti zao bure." Kisha akaendelea kumenya.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Jumamosi ilikuwa siku ya wakaguzi kutia saini mnara ushushwe.

Ninyi mnajua mnara haukuanguka. Kiangazi kile na kilichofuata tulirudisha mawe, kila ukoo mikono yake, mpaka ya mwisho. Wanafunzi wa mijusi walibeba ndoo. Wale mabinti wa brashi walibeba ndoo. Gerarda aliwapikia tambi na maharage kwa sufuria la kufulia, anawatukana kwa upendo. Hakuna aliyeulizwa kwa nini babu yake alichimba. Na usiku wa Krismasi tuliingia kanisani kwa mlango mkubwa, na watu wazima walikuwa wanagusa kuta kama wanamgusa mgonjwa aliyepona. Velia alikaa benchi la nyuma. Alistaafu, lakini aliendelea kwenda kuwafundisha vijana wa chuo namna ya kunyamaza mtu akiimba.

Kwako Ornella, na kwa mumeo na watoto, sisi wa redio ya parokia na mji mzima tunawapa pole. Mama yenu alituacha tukiwa na deni la shukrani, na nyie mlituazima mama huyo miaka mingi. Mungu amlaze pazuri, ampe mwanga usiozimika. Poleni pia ninyi wa chuo kikuu, wa chumba cha lahaja na wa chumba cha miamba, kwa sababu alikuwa wa kwenu kama alivyokuwa wetu.

Na wewe unayenisikiliza, uko jikoni au garini, nakuomba leo ufikiri kidogo. Nani amewahi kukuachia neno lake ulitunze? Bado unalo? Na kama ungebanwa kama Velia alivyobanwa, ungelifanya nini?

Nimebakiza jambo moja, ile Jumamosi. Sijawahi kuisimulia redioni. Achille alitutoka miaka sita iliyopita, na mwanawe, yule wa ubatizo wa mwaka sabini na saba, ameniruhusu juzi, kwenye mkesha wa Velia. Aliniambia, "Isimulie, mama. Ndiyo."

Tulikuwa ukumbini, chini ya pete ya kikapu, mji mzima. Profesa Landolfi alikuwa ametandika ile karatasi kubwa mezani. Alisema ukweli: ninayo kumi na sita, pale pa ufa sina. Mkaguzi mkuu akauliza mara mbili kama kuna mwenye jambo la kusema. Nilimwangalia Velia. Alikuwa amefumba macho, midomo imebana, vidole vinasogeza punje za rozari moja moja. Mkaguzi akatoa kalamu.

Mlango ukafunguka. Achille aliingia na nguo za kazi, vumbi jeupe la jiwe limemjaa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ametoka kusogeza mapipa peke yake, mtu wa miaka sabini na miwili. Alipita kati ya viti. Hakumtazama padri, wala mkaguzi, wala watu wa chama chake. Alifika mezani, akaweka ufunguo mkubwa wa chuma juu ya ile karatasi, pale palipokuwa peupe.

"Ishirini na mbili," akasema. "Nyuma ya pipa la tatu. Mlango nimeuacha wazi."

Kisha akageuka, akampita Velia akamgusa begani, akatoka nje.